Ngoma Haijui Mume Wala Mke

Mgeni rasmi afikapo shuleni, iwe Karatu, Ngorongoro au hapa Visiwani, aghalabu hupokewa kwa wimbo. Akitazama vyema ataona kuwa mara nyingi kazi zimekwisha kugawanywa: wasichana wamepangwa mbele waimbe na kucheza, wavulana wameshika ngoma. Mvulana apendaye kuimba huambiwa anajifanya mwanamke. Msichana agusaye ngoma huambiwa hana haya. Sisi watu wazima hupiga makofi tukaenda zetu.

Wako wasemao kuwa hiyo ndiyo mila. Na tuiulize mila yenyewe. Huko Ngorongoro, nyimbo za asili za Wamaasai hazina ngoma. Morani huimba kwa sauti tupu: mmoja hutangulia, wenziwe humwitikia kwa mvumo mzito, wala hakuna athubutuye kuwaambia kuwa si wanaume. Karatu, miongoni mwa Wairaqw, wazee wa kiume hutamka slufay, yaani sala ya kishairi, na waliohudhuria huitikia. Basi ikiwa Mmaasai ameikuta ngoma shuleni, ni mila gani ya wazee wake imkatazayo binti yake kuipiga?

Nasi Visiwani tusijione bora. Maulidi ya homu huimbwa na wanaume, wamepiga magoti safu kwa safu. Siti binti Saad aliimba hata sauti yake ikatiwa katika santuri mjini Bombay mwaka 1928. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa kuimba na kwa kupiga ngoma vilevile. Hata hivyo, katika taarab yetu fidla, udi na ganuni zilikaa miaka mingi mikononi mwa wanaume, mpaka leo tunapoona kikundi kama Tausi, cha wanawake watupu, tunastaajabu. Hatustaajabii uwezo wao. Tunastaajabia mazoea yetu.

Maumbile nayo hayatutetei. Kabla ya kubaleghe, sauti za mvulana na msichana hazipitani sana. Baadaye nyuzi za sauti za mvulana hurefuka na sauti yake hushuka. Huo si wakati wa kumcheka hata aikimbie kwaya, bali ni wakati wa kumhamishia sauti ya tatu au ya nne.

Jambo hili si dogo. Ashikaye ngoma hujifunza kuongoza na kuamua wimbo uanze lini. Awekwaye mbele apendeze hujifunza kungoja ishara ya mwingine. Mafunzo hayo mtoto hutoka nayo shuleni akaingia nayo kazini na katika vikao.

Hapana budi walimu wamsikilize kila mtoto kabla ya kumpangia nafasi. Nao waheshimiwa wapokewao kwa nyimbo, baada ya makofi, na waulize: nani hapa amefundishwa kupiga, na nani amenyimwa? Samaki mkunje angali mbichi.