Asosiasio ya walimaji ni ya nani?

Wanafunzi wenzetu, wengi wanafikiri asosiasio ya walimaji ni mali ya prezida wake. Hapana! Kwetu Kongo, sheria no 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema ASBL iko na mkutano wa wanamemba wote, komite ya uongozi, na wachunguzi wa hesabu. Mkutano ndio mkubwa: unachagua komite na unaweza kuiondoa. Kuuza mihogo kidogo haikatazwe, lakini wanamemba hawagawanye faida.

Hapo ndipo magomvi inatokea. Mutunza-feza akikopesha ndugu yake feza ya mbegu, mvua ya mwezi wa 9 inafika na gunia la maharagi ni tupu. Basi muchunguzi asiwe mutu wa komite. Na wamama, wanaolima na kujua bei ya soko, wakae katika komite, si kupika tu siku ya mkutano.