Mchanga Nyuma ya Pikapu: Utangulizi wa Elimu ya Mshiko

Majira ya baridi yakikaribia katika jimbo la Minnesota kule Marekani, au Manitoba upande wa Kanada, maduka ya vifaa vya ujenzi hupanga viroba vya mchanga karibu na mlango. Wengi wanaovinunua hawana nyumba ya kujenga. Ni wenye pikapu. Kila kiroba kina kilo 27 au 32 hivi, na vichache vikilazwa juu ya ekseli ya nyuma hubaki hapo mpaka theluji iyeyuke. Wasemaji wengi wa Kiswahili, Wakenya wa Minneapolis na Wakongo wa Winnipeg miongoni mwao, wameikuta desturi hiyo na kuifuata kama walivyowaona majirani wakifanya.

Nimeichagua iwe mlango wa kukuingizia, ndugu msomaji, katika elimu ya msuguano, kwa sababu swali lililomo ndani yake ni kongwe na zito kuliko linavyoonekana: je, uzito huleta mshiko? Jibu la mwenye pikapu ni ndiyo, naye ana haki. Lakini gari linadai mshiko kwa ajili ya kazi tatu: kuondoka, kusimama na kukata kona. Mchanga husaidia vizuri kazi ya kwanza, hauisaidii ya pili, na ya tatu huisaidia au kuiharibu kulingana na mahali ulipowekwa. Anayezitofautisha kazi hizi tatu ameshaingia katika elimu yetu.

Tuanze na gari lenyewe. Pikapu imeundwa kubeba mzigo. Injini, gia na kabini vimekaa mbele. Nyuma kuna bodi la bati juu ya springi ngumu zinazongoja shehena. Isipobeba kitu, takriban tatu ya tano ya uzito wake huangukia magurudumu ya mbele. Na katika pikapu ya kawaida isiyo na mvuto wa magurudumu manne, injini huzungusha yale ya nyuma. Kwa hiyo magurudumu yenye kazi ya kulisukuma gari ndiyo yanayoikanyaga barabara kwa wepesi. Kwenye lami kavu dereva anaweza kuishi miaka bila kuligundua jambo hilo. Kwenye theluji atalijua siku ya kwanza, mlimani, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure na mkia wa gari ukihama kuelekea mtaroni.

Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons aliieleza Akademia ya Sayansi ya Paris kanuni ambayo Leonardo da Vinci alikuwa ameshaiandika katika madaftari yake bila kuichapisha: kani ya msuguano huongezeka kwa uwiano ule ule wa uzito unaokandamiza. Charles-Augustin de Coulomb akaipima kanuni hiyo kwa upana zaidi katika kazi aliyoichapisha mwaka 1785. Uwiano huo tunauita kizigeu cha msuguano, yaani namba inayotuambia ni sehemu gani ya uzito inapatikana kama mshiko. Tairi juu ya lami kavu huwa na kizigeu cha 0.7 au zaidi. Juu ya theluji iliyoshindiliwa na magari hushuka hadi 0.2 au 0.3. Juu ya barafu ni 0.1, na pengine chini ya hapo.

Sasa tupige hesabu, maana kwenye hesabu ndipo hukumu yote ilipo. Chukua pikapu ya kilo 2,000 yenye kilo 820 juu ya magurudumu ya nyuma, kwenye theluji yenye kizigeu cha 0.2. Magurudumu hayo yanaweza kusukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 164, basi. Pakia viroba vitano vya kilo 32, jumla kilo 160, juu ya ekseli yenyewe. Nyuma sasa kuna kilo 980, na msukumo unafika kilo 196. Mshiko umeongezeka kwa karibu sehemu moja ya tano. Lakini gari nalo limekuwa la kilo 2,160, na mchanga wenyewe lazima upandishwe mlima. Ukigawanya msukumo kwa uzito wote utaona kwamba pikapu iliyokuwa inaweza kupanda mwinuko wa mita 8.2 kwa kila mita 100, sasa inapanda mita 9 na kidogo. Faida iliyobaki ni sehemu moja ya kumi. Si ndogo: inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kufika nyumbani na kuliacha gari njiani. Ila ni sehemu moja ya kumi, wala si muujiza ambao baadhi ya wauzaji wa mchanga huuahidi.

Swali hili liliwasumbua watu kabla gari la petroli halijazaliwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 wahandisi wa Uingereza walibishana kama gurudumu laini la chuma juu ya reli laini ya chuma linaweza kuvuta shehena, au litazunguka mahali pamoja. Richard Trevithick alikuwa ameshavuta tani 10 za chuma kule Penydarren, Wales, mwaka 1804, lakini injini yake ilizivunja reli, na wengi wakabaki na shaka. Mwaka 1812 John Blenkinsop akatumia gurudumu lenye meno linaloshika reli yenye meno. William Hedley, msimamizi wa machimbo ya makaa ya mawe ya Wylam, alichagua kupima. Alitengeneza kigari cha majaribio kilichoendeshwa na watu waliosimama juu yake wakizungusha mikono ya chuma, akakitwisha mizigo ya uzito mbalimbali na kuangalia magurudumu yanaanza kuteleza lini. Majaribio yalionyesha kwamba uzito peke yake unatosha, na kutokana na jibu hilo ikajengwa injini ya Puffing Billy. Kwangu mimi kigari kile ndicho kizazi cha kwanza cha viroba vyetu, na Hedley anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa.

Afrika Mashariki ililijua jambo hili kwa njia ya reli vilevile. Treni ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi huanza usawa wa bahari na kumaliza ikiwa imepanda zaidi ya mita 1,600. Katikati ya miaka ya 1950 kazi hiyo ilipewa injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock, kila moja ikikaribia tani 252. Mpango wa Garratt huweka matangi ya maji na akiba ya mafuta juu ya mafungu mawili ya magurudumu yanayovuta. Kwa hiyo kitu ambacho injini lazima ikibebe hata hivyo, yaani maji na mafuta yake, ndicho kinachoipa mshiko. Mpango huo una gharama yake: maji yakipungua, uzito juu ya magurudumu hupungua, na mshiko pia. Moja ya injini hizo, Mount Gelai, bado ipo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ukipita pale, simama ubavuni mwake uangalie matangi yalivyokaa. Utaona hoja nzima ya sura hii katika chuma.

Turudi kwenye theluji, kwenye kazi ya pili, kusimama. Hapa nataka kusema kwa mkazo, kwa sababu watu hufa. Anayehisi pikapu yake inaondoka vizuri baada ya kupakia mchanga hushawishika kuamini kwamba itasimama vizuri pia. Haitasimama. Breki hufanya kazi kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo uzito wote wa gari tayari unashiriki katika mshiko wa kusimama. Ukiongeza kilo 160, mshiko huongezeka, na kani inayotakiwa kulizuia gari huongezeka kwa kiasi kile kile. Hivi viwili hufutana. Ndiyo maana umbali wa kusimama hautegemei uzito katika hesabu ya msingi: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, lami yenye kizigeu cha 0.7 inataka mita 14, na barafu yenye 0.1 inataka karibu mita 100, gari liwe tupu au limejaa. Tena mpira wa tairi hautii kanuni ya Amontons kikamilifu. Ukikandamizwa zaidi kizigeu chake hupungua kidogo, hivyo mzigo huelekea kuurefusha umbali huo.

Kinachofupisha umbali wa kusimama ni kukibadilisha kizigeu chenyewe, na hiyo ni kazi ya tairi za baridi. Mpira wake umechanganywa ubaki laini chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, pale ambapo tairi za kiangazi huanza kukakamaa, nao husaidia kuondoka, kusimama na kukata kona kwa pamoja. Mvuto wa magurudumu manne ni habari nyingine: unaugeuza uzito wote wa gari kuwa msukumo, kwa hiyo katika kupanda unaushinda mchanga kwa mbali sana, lakini katika kusimama hauongezi kitu. Mwenye fedha za kitu kimoja tu anunue tairi. Viroba vije baadaye.

Kazi ya tatu, kona, inategemea nyenzo. Gari ni ubao wa bembea ambao egemeo lake ni ekseli ya nyuma: ukiweka mzigo nyuma ya egemeo, upande wa mbele unainuka. Chukua kilo 160 zile zile, uzisogeze mita moja nyuma ya ekseli, hadi kwenye mlango wa bodi, katika pikapu ambayo ekseli zake zimeachana kwa mita 3.6. Magurudumu ya nyuma yatapata kilo 204, na ya mbele yatapoteza kilo 44. Dereva ataona gari linapanda vizuri zaidi na kufurahi. Hataona kwamba magurudumu ya usukani yamepoteza sehemu ya mshiko wake mpaka azungushe usukani na gari liendelee kwenda moja kwa moja. Taa za mbele nazo zitakuwa zinamulika juu, machoni mwa wanaokuja. Viroba vilazwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Hapo husaidia pia kuutuliza mkia, ambao katika pikapu tupu huwa mwepesi wa kuhama.

Wengine huogopa kwamba uzito utaiyeyusha barafu na kuifanya iteleze zaidi. Hofu hiyo ina asili ya kiungwana: kushuka kwa kiwango cha kuyeyuka chini ya mgandamizo kulikokotolewa na James Thomson mwaka 1849, na baadaye wanasayansi walitumia jambo hilo kueleza utelezi wa barafu. Lakini kukishusha kiwango hicho kwa nyuzi moja kunahitaji mgandamizo wa zaidi ya angahewa 130, na tairi hukandamiza kwa angahewa mbili au tatu tu. Zaidi ya hayo, ukiongeza mzigo tairi hutanuka chini na kugusa eneo kubwa zaidi, kwa hiyo mgandamizo haupandi sana. Utelezi una sababu nyingine. Michael Faraday alipendekeza mwaka 1850 kwamba uso wa barafu una utando mwembamba wa majimaji hata chini ya sifuri, na mwaka 1939 watafiti Bowden na Hughes walionyesha nafasi ya joto linalotokana na msuguano wenyewe. Ndiyo sababu barafu iliyo karibu na sifuri, mchana jua likiipiga, ni hatari kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kanuni ya uzito ina mpaka. Inashika pale ambapo chini ya tairi kuna kitu kigumu. Katika theluji nene isiyoshindiliwa, kama ilivyo katika udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa masika, mzigo hulizamisha gurudumu, na nguvu nyingi huishia katika kulisukuma tope lililo mbele yake. Elimu ya mwendo juu ya ardhi laini ina deni kubwa kwa Mieczysław Bekker, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyetoa mwaka 1956 kitabu chake kuhusu nadharia ya mwendo wa nchi kavu, na ambaye baadaye alichangia usanifu wa kigari kilichotembea mwezini katika safari za Apollo 15, 16 na 17. Mwezini kila kitu kina uzito wa sehemu moja ya sita ya uzito wake wa hapa, na vumbi ni laini; magurudumu ya matundu ya waya yalikuwa jibu la swali letu chini ya masharti magumu kuliko yote.

Kwa nini mchanga, basi, na si matofali au vyuma? Kwa sababu mchanga una matumizi mengine: ukikwama unapasua kiroba na kuumwaga mbele ya magurudumu ya nyuma, na hapo unakipandisha kizigeu chenyewe. Injini za treni hubeba masanduku ya mchanga kwa ajili hiyo hiyo. Uwe mkavu, kwa kuwa mchanga uliolowa huganda ukawa jiwe. Na ufungwe, au uzuiwe kwa fremu ya mbao kati ya matao ya magurudumu, kwa sababu breki husimamisha gari tu. Mzigo uliolegea huendelea na safari kuelekea kabini. Theluji iliyoachwa ijae bodini haifai: uzito wake haujulikani, nayo huhama na kuyeyuka. Kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva kinataja mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba, pamoja na watu.

Zoezi la kwanza, kabla ya kufungua sura inayofuata, halihitaji maabara. Peleka pikapu kwenye mizani ya malori, ile ya mahali wanapouza kokoto inatosha. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, gari likiwa tupu na tangi limejaa. Rudia ukiwa na viroba juu ya ekseli, halafu vikiwa kwenye mlango wa bodi. Andika namba zote sita. Gawanya uzito wa nyuma kwa uzito wote katika kila hali, na uangalie kwa makini namba za ekseli ya mbele, kwa kuwa hizo ndizo tutakazoanza nazo kulieleza somo la usukani.