Karabini ya risasi za bastola: anza na mahali risasi itakapoishia

Kijana wa Wete, Pemba, anayeishi Marekani, ambako amejiunga na klabu ya kulenga shabaha, ameniuliza hivi: "Mjomba, nataka kununua karabini ya milimita 9 na kuifunga kilengeo cha nukta nyekundu. Nichukue ya namna gani? Na nikirudi nyumbani itanifaa?" Swali la kwanza lina jibu refu kidogo. La pili jibu lake ni hapana, na sababu za hapana hiyo zinamhusu hata msomaji wa Chake Chake au Mkoani ambaye bunduki za aina hii huziona kwenye filamu tu.

Karabini ni bunduki fupi ya begani. Anayoitaka kijana wetu hula risasi ile ile ya bastola, na fikra hiyo ina umri wake. Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa na bunduki ya Winchester ya mwaka 1873, kisha Colt wakatoa bastola inayotumia risasi zake, mtu akawa habebi aina mbili kiunoni. Risasi iliyotapakaa zaidi leo ni ya milimita 9 aliyoibuni Mwaustria Georg Luger mwaka 1902. Bunduki za Sten walizobeba askari wa Kiingereza, hata Kenya wakati wa Mau Mau, zilitumia hiyo hiyo.

Risasi ikiwa ni moja, faida ya kuongeza urefu wa bunduki ni nini? Kwanza ni mtutu. Risasi ya gramu 8 hutoka kwenye bastola kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde. Kwenye mtutu wa sentimita 40 baruti hupata nafasi ya kuisukuma zaidi, ikafika kama mita 400. Nguvu yake hupanda kutoka kiasi cha jouli 500 hadi 640. Ni nyongeza nzuri lakini si ya kutisha: AK-47, kwa risasi yake yenyewe, hutoa karibu jouli 2,000. Na baruti ya bastola huungua upesi, kwa hiyo mtutu ukirefushwa kupita hapo hauleti kitu ila uzito.

Faida kubwa hasa ni bega. Bastola hushikwa na viganja viwili hewani, na mkono ukitetemeka nayo hutetemeka. Karabini huegemea bega, shavu na mikono yote miwili. Mtu wa kawaida anayekosa sahani kwa bastola kwenye mita 25 ataipiga kwa karabini kwenye mita 50 bila kuhangaika. Kupita mita 100 ndipo udhaifu wa risasi unapojitokeza. Ukiwa umeirekebisha bunduki ipige katikati kwenye mita 50, ikifika mita 100 risasi imeshashuka kama sentimita 15, na kila hatua ya mbele inazidi kuzama.

Katika kuchagua, mimi hutazama mambo mawili kabla ya jina la kampuni. La kwanza ni magazini: kama tayari una bastola, chukua karabini inayokubali magazini zake. La pili ni namna bunduki inavyojifungua baada ya kupiga. Nyingi za bei nafuu hutegemea kipande kizito cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, na uzito wake peke yake ndio unaochelewesha kufunguka. Ni mtambo sahili usioharibika ovyo, ila chuma hicho kikirudi nyuma hupiga bega kuliko unavyotarajia kwa risasi ndogo kama hiyo. Kabla ya kulipa, ijaribu uwanjani.

Sasa nukta nyekundu, ambayo wengi huielewa kinyume. Kwenye filamu utaona alama nyekundu ikitua kifuani mwa mtu. Ile ni leza, kitu kingine kabisa. Kilengeo cha nukta hakitupi mwanga wowote mbele, na nukta humwonekea mpigaji peke yake. Ndani yake mna kitaa cha LED kinachomulika kioo cha mbele. Kioo hicho kimepinda kidogo na kupakwa utando unaorudisha mwanga mwekundu huku ukiacha rangi nyingine zipite. Mwanga humrudia mpigaji katika mistari sambamba, na jicho huiona nukta kana kwamba iko mbali, kule kule iliko shabaha. Ndiyo maana kichwa kikisogea kidogo nukta haihami kwenye shabaha kwa kiasi cha kuhesabika, na macho yote mawili hubaki wazi. Msingi wa ujuzi huu aliuweka Howard Grubb wa Ireland mwaka 1900. Aimpoint ya Sweden ndiyo iliyoufanya kuwa kifaa cha taa ya umeme kwa bunduki za mkononi, katikati ya miaka ya 1970.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa dakika, yaani digrii moja ikigawanywa mara 60. Nukta ya dakika 2 hufunika kama sentimita 6 kwenye mita 100, na ya dakika 6 hufunika sentimita 17. Kwa karabini ya klabu, dakika 2 hadi 4 zinatosha. Mwenye jicho lisilo duara sawasawa ataiona nukta imepasuka mfano wa nyota. Huyo asikilaumu kifaa, aende kwa daktari wa macho. Na kwa kuwa kilengeo hukaa sentimita kadhaa juu ya mtutu, kwa shabaha iliyo hatua chache mbele yako risasi hupiga chini ya nukta. Wageni wa mchezo huu husahau hilo na kupoteza alama.

Basi anunue huko, na aiache huko. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, lakini hata sheria ingenyamaza, ningemkataza. Risasi ya milimita 9 ikikosa shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kabla ya kuanguka. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita 67 na watu zaidi ya nusu milioni. Kila bonde la mpunga lina nyumba ng'ambo yake, na kila shamba la mikarafuu lina mtu juu ya mti msimu wa kuchuma. Uko wapi ukingo wa udongo wa kuizuia? Kisiwa kilichozika watu wake waliopigwa risasi katika maandamano ya Januari 2001 hakina haja ya kufundishwa risasi hufanya nini.

Bunduki iliyoacha alama nyingine Pemba haikuwa na nukta wala kilengeo cha maana. Ni ile ya marisau. Fataki yake moja ina chembe za risasi zaidi ya 200, na kwenye mita 35 hutawanyika duara la karibu mita nzima. Kwa ndege mmoja anayeruka, mtawanyiko huo humfidia mpigaji asiye na shabaha. Popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, asiyepatikana pengine popote duniani, hulala mchana kwa mamia wakining'inia kwenye mti mmoja. Piga hapo mara moja, uone wangapi wanaanguka na wangapi wanaruka na majeraha wakafie msituni. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, hawezi kufidia mauaji ya namna hiyo. Mitego na nyavu za zamani hazikuwahi kuwatishia hivyo. Kufikia mwaka 1989 wachunguzi walikuwa wakiona wachache tu.

Uwindaji ulipopungua, na vijiji kama Kidike vikaanza kuilinda miti yao, popo walirudi. Makadirio ya mwaka 1995 yalikuwa karibu 5,000, na ya mwaka 2006 karibu 20,000. Miti ile ile, matunda yale yale, kilichopungua ni bunduki chini ya mti.

Kwa hiyo, mwanangu, pesa ambayo ungenunulia karabini ya huku nyumbani nunulia darubini ya 8×42 isiyoingia maji, maana mvua zetu unazijua. Nenda nayo Kidike jioni popo wanapoamka, au msitu wa Ngezi usiku ukamsikilize bundi wa Pemba. Na wewe msomaji uliyeko hapa, ukisikia mlio wa bunduki karibu na mti wa popo, mwone sheha siku hiyo hiyo.