Stima ya umma Takaba: Zima ya ofisi, wacha ya wodi

Hebu fikiria uko Takaba, kaunti ya Mandera, saa nane mchana. Jua limepiga mabati mpaka darasa limekuwa tanuri. Mwalimu anaomba feni ziwashwe. Mhasibu naye anasema bili imepanda, zizimwe. Wewe uko upande wa nani?

Nairobi hilo lingekuwa swali la pesa tu. Takaba iko mbali, na kwa miaka mingi stima yake imetoka kwa kituo cha papo hapo mjini. Dizeli husafirishwa kwa lori mamia ya kilomita. Stima ikipotea bure ofisini mchana, kuna mtu atakayeikosa jioni.

Lakini usikimbilie swichi. Hospitalini, friji ya chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8, iwe Idi au likizo. Mkunga naye hawezi kushona mama kwa tochi ya simu eti kuna mtu anapunguza bili. Hayo mawili hayana mjadala. Cha kujadiliwa ni kiyoyozi cha ofisi ya mkubwa, kinachoachwa kikiunguruma mwenyewe akiwa mkutanoni. Kiyoyozi kidogo hula wati 1,000 hivi, feni ya dari kama 70. Piga hesabu: hizo ni feni 14. Ukifunga nne nne, madarasa matatu yamepata hewa, na mbili zinabaki.

Tena kuna kazi ya kufanya kabla stima haijaguswa. Huku karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huchoma kuta za mashariki na magharibi, kwa hivyo madirisha makubwa yafaa kutazama kaskazini na kusini. Weka dari chini ya mabati, paka paa rangi nyeupe, ongeza veranda. Wafugaji walijua hili zamani: herio ya mikeka hupitisha upepo. Sisi tukaja na tofali na vidirisha vidogo, kisha tukaanza kutafuta feni!

Halafu simu. Mlinzi akimfukuza jamaa wa mgonjwa kwa kuchaji ukutani, akumbuke simu hiyo ndiyo ya kuita gari na kutumiwa pesa za dawa. Paneli moja ya sola yenye soketi zake nje ya wodi ingemaliza ugomvi.

Kanuni za nishati za 2012 zilitaka jengo linalotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka likaguliwe kila miaka 3. Zahanati ndogo haikaribii hapo, kwa hivyo usingoje mkaguzi. Katiba ya 2010 inakupa nafasi katika vikao vya bajeti ya kaunti. Nenda uulize: betri za sola zikifa, zitanunuliwa kwa fungu gani? Na ufunguo wa chumba cha jenereta hukaa na nani usiku?