Aksanti kwa waliotubeba mwaka huu

Mwaka unaisha, na kamati imetuomba tuseme aksanti kwa niaba ya shirika letu. Desturi ni kuanza na wakubwa. Sisi tutaanza na baba mwenye mashine ya fotokopi kando ya soko.

Mwaka huu tulishika kazi moja: kila mtoto anayezaliwa kwetu aandikishwe serikalini kabla ya siku 90 kupita. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema kuandikisha ndani ya siku hizo hakulipwi. Lakini mama akifika ofisini peke yake, anaombwa pesa ya karatasi, pesa ya kalamu. Anarudi nyumbani, siku zinapita. Baadaye njia inayobaki ni tribinali, na huko ni franka na kwenda-rudi.

Ndiyo maana tulitaka kila mama aende na ukurasa ule wa sheria mkononi. Baba yule alitutolea fotokopi bila kuhesabu, hata siku umeme ulipokosekana akatumia mafuta yake mwenyewe. Wamama wa makala na wa mboga walikata kidogo kwenye likelemba yao kila juma. Waganga wa materinite walikubali kumpa mzazi karatasi ya kuzaliwa siku ileile anapotoka. Na wababa waliosimama kwenye foleni pamoja na bibi zao (walikuwa wachache, tuseme kweli), tuliwaona. Mwakani waje na wenzao.

Si yote yaliyofaulu. Kuna koko anayelea wajukuu peke yake. Mmoja wao yuko darasa la sita, hana cheti, na siku zake zilipita zamani. Sisi walimu tunajua mtoto kama huyo anavyonyamaza majina yanapoitwa kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Tulifikiri pesa ya likelemba ingetosha kwa tribinali. Haikutosha. Mama mmoja, ambaye hataki jina lake litajwe, aliongeza ya kwake, ile aliyoiweka kwa kitenge cha sikukuu.

Faili ingali huko. Jumatatu ya pili ya mwezi wa kwanza tunarudi kuiuliza, na koko atakuwa pamoja nasi. Anayeweza kutusindikiza, tukutane mbele ya soko saa mbili asubuhi.