Kaka la Yai na Nasaba ya Koo

Mnunuzi wa mayai, awe Mombasa au Kibirichia kule Meru, ubavuni mwa Mlima Kenya, huamini macho yake: la kahawia ni la kuku wa gredi, jeupe ni la kienyeji, na bei hupanda. Hapo ndipo tuliwapo! Rangi ya kaka la yai hufuata nasaba ya koo, si malisho. Leghorn, kuku wa kizungu khasa, hutaga meupe tupu. Rhode Island Red hutaga ya kahawia. Wapandishe hao, na tembe watakaozaliwa watataga ya rangi ya malai. Jogoo naye hurithisha, ingawa hatagi. Kuku wetu wa kienyeji damu zao zimechanganyika tangu zamani, ndiyo maana banda moja hutoa meupe, ya malai na ya kahawia. Malisho hutazamwa ndani: kuku adonoaye majani mabichi, kiini cha yai lake hukoza umanjano.