Surua Ikipona, Kinga ya Mtoto Hubaki na Mapengo

Mzazi ambaye mtoto wake ameugua surua, au ukambi kama wengi wetu tunavyouita, hushusha pumzi upele unapoanza kukauka. Homa imeshuka, mtoto anakula, na nyumbani husemwa kwamba ugonjwa umekwisha. Kwa upande wa surua yenyewe ni kweli: aliyeugua mara moja kwa kawaida haugui tena. Lakini baadhi ya watoto hurudishwa hospitalini wiki au miezi kadhaa baadaye wakiwa na nimonia au kuhara, na mzazi haoni uhusiano wowote. Uhusiano upo, na unaanzia kwenye seli za kinga.

Virusi haviwezi kuzaana peke yake. Lazima viingie ndani ya seli hai, na kila aina huchagua seli zake. Virusi vya mafua hushika seli za pua na koo. Virusi vya surua huanza na walinzi wenyewe. Katika mapafu kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu vinavyoingia na hewa, kisha kupeleka habari kwenye tezi. Juu ya seli hizo kuna protini ambayo virusi vya surua huitumia kama komeo la mlango. Huingia, na seli ile ile iliyopaswa kuvizuia ndiyo inayovibeba hadi kwenye tezi.

Tezi ndizo makao ya seli za kumbukumbu. Kila mara mtoto anapougua au kuchanjwa, mwili huhifadhi seli chache zinazomjua adui huyo, ili akirudi apigwe mapema. Virusi vya surua vinapofika huko huzishambulia seli hizo, huzaana ndani yake na kusambaa mwilini kupitia damu. Haya hutendeka kwa siku kumi hivi bila dalili ya kuonekana. Kisha huja homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, na kwa kawaida upele hutokea takriban siku ya 14 tangu mtoto aambukizwe.

Wako wanaoamini kwamba upele ni uchafu unaotoka mwilini, na kwamba usipotoka vizuri mtoto yuko hatarini. Maelezo hayo si sahihi, ingawa hatari yenyewe ni ya kweli. Upele hutokea pale seli za kinga zinapofika kwenye ngozi na kuua seli zilizoambukizwa. Ndiyo maana mtoto ambaye kinga yake ni dhaifu sana anaweza kuwa na surua kali bila upele.

Mwili hushinda vita hivyo, lakini kwa gharama, kwa kuwa seli nyingi za kumbukumbu huangamia. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa. Waliwapima damu kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto wa namna hiyo hukutana upya na vijidudu ambavyo mwili wake ulikuwa umekwisha kuvijua.

Virusi vilivyo ndani ya chanjo vimedhoofishwa. Hufundisha seli za kinga bila kufuta kumbukumbu yake. Hapa Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa bure katika vituo vya afya vya umma, mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Haitolewi mapema zaidi katika ratiba ya kawaida kwa sababu kingamwili alizopata kutoka kwa mama huweza kuiharibu kabla haijafanya kazi. Hata katika miezi 9, takriban watoto 15 kati ya 100 hawapati kinga ya kutosha kwa dozi moja. Hiyo ndiyo kazi ya dozi ya pili, ambayo wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia na kijitabu cha kliniki kimewekwa kabatini. Kitoeni mtazame.

Mtoto akishaugua, dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa dukani haziui virusi. Mpeleke kituoni. Huko hupewa vitamini A, dozi moja siku hiyo na nyingine kesho yake, ambayo hupunguza hatari ya kifo na upofu. Endelea kumnyonyesha au kumlisha, na umpe vya kunywa kwa wingi. Kwa miezi inayofuata, kupumua kwa kasi, kuhara au homa mpya ni sababu ya kurudi hospitalini bila kungoja, na umweleze mhudumu kwamba mtoto aliugua surua.

Mtoto mwenye surua huambukiza tangu siku nne kabla ya upele hadi siku nne baada yake, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo ukifika kituoni na mtoto mwenye homa na upele, mwambie mhudumu pale pale mlangoni, ili msiketi kwenye foleni moja na watoto wachanga.